Waliomchangia Magige

Ndugu yangu Magige aliitwa Injinia kabla hajaona geti la chuo kikuu chochote. Barua ya kumwita akasomee uhandisi wa mitambo ilipofika, jina alilopewa na nyanya yetu likawekwa kando, na watu wakaanza kumletea redio zisizoshika stesheni, saa za ukutani zilizosimama, na siku moja mota ya mashine ya kusaga ya jirani, ikiwa juu ya toroli, eti Injinia aitazame. Aliitazama sana. Kuifanya izunguke ndiko kulikomshinda, maana mikono ya Magige haikuumbwa kushika spana. Mimi dada yake mkubwa, Damaris, ndiye niliyekuwa nikirudisha nati mahali pake yeye akishazifungua na kusahau zilikotoka. Nasema hivi kwa mapenzi, na pia kwa sababu ni kweli.

Alichojaliwa ni kichwa. Ukimpa hesabu alitulia kama mtoto aliyepewa muwa, na usingemsikia tena mpaka aimalize.

Sisi ni Wakuria, lakini tulikulia nje kidogo ya mji wa Migori kwa sababu baba yetu, Mzee Mirumbe, alifuata dhahabu ya machimbo ya Macalder akiwa kijana. Hakuchimba. Yeye alikuwa mtu wa nguzo: alikata mikaratusi, akaishusha shimoni na kuisimamisha ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Mwaka wa tisini na moja, wakati wa mvua ndefu, maji yaliyokuwa yamejikusanya katika shimo kuukuu lililoachwa yalitoboa ukuta, yakaingia katika shimo alimokuwa akichimba rafiki yake, Mkisii mmoja mcheshi aliyeitwa Monari. Monari hakutoka. Nguzo za baba zilisimama zote, hakuna hata moja iliyolala, na baba alirudia jambo hilo nyumbani, kwamba nguzo zilisimama, mpaka mama akamwomba anyamaze.

Kwa hivyo usidhani baba alitaka injinia ili ajigambe sokoni. Alitaka mtu wa kujua maji yako wapi chini ya ardhi kabla hayajaingia shimoni, na wa kuleta pampu ya kuyatoa. Aliamini kitu hicho kinasomewa, na kwamba mwanawe ndiye wa kukisomea. Mjane wa Monari, Nyamoita, aliamini hivyo hivyo. Baada ya msiba aliondoka Macalder akahamia Homa Bay kuuza ndizi, lakini harambee ya karo ya Magige ilipotangazwa, mwaka uliofuata, alikuja.

Siku hizi mtu anachangiwa kwa simu. Ujumbe unalia mfukoni, unasoma, yameisha. Nazikumbuka harambee za wakati ule. Ilikuwa Jumapili, uwanja wa kanisa letu la Wasabato, na watu walikuja na walichokuwa nacho: kuku waliofungwa miguu, mikungu ya ndizi, mihogo, mayai ndani ya kikapu chenye nyasi, blanketi jipya likiwa bado kwenye nailoni. Vitu viliwekwa mezani vikapigwa mnada, na mnunuzi mwenye moyo hakuondoka na alichonunua. Alilipa, akakirudisha mezani kiuzwe tena, na anayefuata naye akafanya vile vile. Kuna jogoo mmoja mwekundu aliyeuzwa mara nyingi mpaka akachoka kupiga kelele, akalala. Mnadi alikuwa Mzee Omwenga, mzee wa kanisa, ambaye watu walisema angeweza kuuza hata mawe.

Siku hiyo aliyauza. Nyamoita alikuja na gunia la mawe kutoka Macalder, limefungwa kwa kamba ya katani. Wachimbaji wa kule hawagawani dhahabu, wanagawana mawe. Mawe yakishapandishwa juu hutiwa kwenye magunia, kila mtu akachukua fungu lake kabla halijasagwa, na hapo hakuna ajuaye kilichomo ndani. Wengine husaga wenyewe. Wengine huuza gunia likiwa limefungwa vivyo hivyo kwa mtu anayetaka kujaribu. Lile la Nyamoita lilikuwa fungu la mwisho la mumewe, ambalo wenzake walikuwa wamemtunzia.

Lilianzia kwenye bei ya kuku. Mchimbaji mmoja akasema shimo la Monari lilikuwa limeanza kutoa mwamba mzuri, bei ikapanda ikafika ya mbuzi. Likanunuliwa, likarudishwa. Mwingine akakumbusha kwamba shimo hilo hilo ndilo lililoua mtu, na bei ikashuka ikawa ya kuku tena. Likanunuliwa, likarudishwa. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi, akataja bei ya ndama. Watu wote waligeuka kumtazama, na mara wale waliokuwa wakipiga miayo nao wakalitaka. Alilichukua yeye, na huyo hakulirudisha. Alikuta nini ndani hatukuambiwa hadi leo, kwa maana mtu wa dhahabu akipata hasemi, na akikosa hasemi.

Mtu anayechangiwa hutakiwa kukaa mbele ameinamisha kichwa kwa adabu. Magige alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti, koti la kuazima limemshuka bega moja, analikodolea macho lile gunia. Jioni alinifuata jikoni akaniuliza kwa nini bei ilibadilika ilhali mawe hayakubadilika, na katika bei zile zote ni ipi iliyokuwa ya haki. Nilimwambia akafunge mbuzi.

Alikaa Nairobi muda mrefu kuliko masomo yenyewe, kwa sababu miaka ile chuo kikuu kilikuwa kikifungwa kila wanafunzi walipogoma. Kilipofungwa walirudishwa makwao na kuamriwa kupiga ripoti kwa chifu. Wazazi walilalamika, miaka inapotea bure. Mimi nilifurahi, wala sioni haya kusema. Ndiyo miezi niliyokuwa na ndugu yangu. Tulikaa nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi, betri za redio zimeanikwa juani zipate nguvu ya taarifa ya saa saba, mama akituletea uji wa wimbi kwenye vibuyu, na Magige akiandika hesabu zake kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni. Mama alizifuta kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, na Jumapili mlango ukajaa tena. Ningepewa kuchagua siku za kurudia, ningechagua hizo, pamoja na njaa yake na chifu wake.

Ni katika mojawapo ya miezi hiyo alinieleza kilichokuwa kikimkosesha usingizi. Chuoni walikuwa wamefundishwa jinsi joto linavyotembea ndani ya chuma. Ukitia ncha moja ya chuma motoni, ncha ya pili haiwi moto papo hapo. Joto huja polepole, na ipo hesabu ya kukuambia kila sehemu itakuwa na moto kiasi gani kila wakati. Sasa alikuwa amesoma maktaba kwamba hesabu ile ile, ukiigeuza kidogo, inakupa bei ya ahadi. Tuseme, akaniambia, leo nakulipa kidogo ili mwezi ujao niwe na haki ya kununua gunia lako kwa bei tunayokubaliana sasa, nikitaka, na nisipotaka niache. Haki hiyo ni ya bei gani? Huko Ulaya na Marekani watu waliuziana haki za namna hiyo kila siku, na walikuwa wakiajiri watu wa kuzipimia bei. Alizungumza mahindi yamemwagika miguuni mwake na hana habari. Sikuelewa nusu yake, lakini nilielewa kwamba lile swali la jikoni halijamtoka, na kwamba amekwisha kupotea.

Mwanzoni mwa tisini na nane, akiwa mwaka wa mwisho, alipata nafasi mbili za kuendelea na digrii ya pili. Moja ilikuwa Uholanzi, uhandisi wa maji, kila kitu kimelipwa, na kazi ya serikali ikimngojea akirudi. Ya pili ilikuwa Uingereza, kozi changa ya hesabu za fedha, nayo ina skolashipu. Hawa wa pili walikuwa wakitafuta hasa wahandisi na watu wa fizikia: uchumi tutakufundisha sisi, walimwandikia, wewe njoo na hesabu. Wenzake chuoni walimwambia asiwe mjinga, kama ni fedha asome biashara kama watu wengine. Karani mmoja wa benki mjini Migori alimwambia benki zetu zinahitaji mtu wa kuhesabu noti, si mtu wa kuhesabu joto. Magige alisikiliza kila mtu kwa heshima, na kila mara akarudi pale pale.

Alikuja nyumbani Aprili. Mvua za El Nino zilikuwa zimebeba madaraja na nusu ya barabara, akafika na matope hadi magotini. Tulipomaliza kula akasema yote, bila kuficha. Mama aliuliza kama huko Uingereza kuna kanisa letu. Baba aliuliza ni wapi kati ya mahali pawili wanafundisha pampu. Magige akasema Uholanzi. Baba akauliza yeye anataka wapi. Magige akasema Uingereza. Baba akatoka nje kuwaangalia ng'ombe, ambao walikuwa wamekwisha kufungwa.

Asubuhi alikuwa na jawabu.

“Watu walikuchangia uwe injinia,” alisema. “Ukitaka kuwa kitu ingine, utaenda uwaambie wewe mwenyewe, kwa macho. Wakikuachilia, utaenda. Wakikataa, ni Uholanzi.”

Hivyo ndivyo alivyokuwa baba. Mtu hachangiwi hivi hivi, anachangiwa kwa jina la kazi, na kazi ikibadilika wenyewe lazima wajue. Magige hakubisha. Alikuwa na mpaka mwisho wa mwezi kuwajibu Waingereza, na nilimwona akitazama kalenda ya ukutani kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

Tulianzia kanisani, baba na mimi tukimsindikiza. Kosa la Magige ni kwamba hajui kupaka jambo sukari. Wazee walipomuuliza masomo hayo ni ya nini, angeweza kusema ni hesabu za benki, tukaenda nyumbani. Yeye akasema ni hesabu ya mambo ambayo hakuna anayejua yatakuwaje, na jinsi ya kuyawekea bei kabla hayajatokea. Akaongeza, Mungu amsamehe, kwamba yalianza zamani na watu waliotaka kuelewa michezo ya bahati. Mzee Omwenga alivua miwani. Akasema hiyo ni kamari, na kwamba kanisa la Bwana halikuuza kuku wake kumsomesha mcheza kamari. Wazee wengine wakaguna, mmoja akafungua Biblia kutafuta fungu la kumpiga nalo.

Mama yetu, Priscilla, alikuwa shemasi na hakuwa na kawaida ya kusimama wazee wakizungumza. Alisimama. Kwa sauti ya upole kabisa aliomba kukumbushwa ni nani aliyesimama katika uwanja huo huo akauza gunia lililofungwa, mara ya kwanza kwa bei ya kuku na mara ya mwisho kwa bei ya ndama, bila yeye wala mnunuzi kujua ndani mna nini, na siku ile walikuwa wakiuitaje mchezo huo. Mzee mmoja wa nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa hadi kwa Omwenga mwenyewe. Walimwachilia. Omwenga akamwombea sala ndefu hata ugali wetu ukapoa nyumbani.

Mjini Rongo alikaa mjomba wetu Caleb, ambaye alikuwa ametoa mbuzi. Yeye aliuliza tu kama kazi hiyo watu huvaa tai. Aliposikia huvaa, akamwachilia papo hapo na kutupa mananasi ya safari.

Alibaki Nyamoita. Baba alikuwa amemweka mwisho kwa makusudi, nadhani, kwa sababu ndiye aliyemwogopa kuliko wengine wote. Tulishuka Rodi Kopany kungoja gari la Homa Bay, tukakaa kwenye benchi nje ya hoteli tukinywa chai ya maziwa na mandazi. Soko lilikuwa limechangamka, wanawake wakiitana kwa Kijaluo juu ya mafungu ya viazi, na baba akawa anatazama kikombe chake tu. Mwisho akasema bila kuinua uso.

“Mimi sikatai masomo. Naogopa kitu moja. Mtu wa maji atarudi, kwa sababu maji iko hapa. Sasa hii bei yako iko wapi? Ni nani atakurudisha?”

Magige alikuwa na jawabu la kila kitu, hata la mambo ambayo hukumuuliza, lakini hapo alilisogeza tu andazi lake upande wangu. Wakati huo ndipo nilipojua kwamba hatukuwa tunazunguka kutafuta ruhusa ya masomo. Baba alikuwa akizunguka akitafuta mtu wa kumwambia kwamba mwanawe hatapotea.

Homa Bay tulimkuta Nyamoita sokoni, nyuma ya mikungu ya ndizi aliyoletewa na lori kutoka Kisii. Omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa karibu, harufu yake imejaa kila mahali, na mlima Asego umesimama juu ya mji ukiwa na ukungu kichwani. Alifurahi kutuona, akapangusa kreti mbili kwa leso yake tukae, akamwita Magige Injinia wangu, akamkatia ndizi mbivu. Akamuuliza kama sasa anajua pampu. Afadhali angemzaba kofi.

Magige alimweleza. Safari hii alieleza vizuri, taratibu, akianzia siku ya harambee na gunia lake, jinsi bei ilivyopanda na kushuka, na jinsi swali hilo lilivyomfuata mpaka chuoni. Hakuficha Uholanzi. Nyamoita alikuwa akigeuzageuza ndizi, zile zilizoanza kuwa nyeusi akiziweka chini, na hakumkatiza. Alipomaliza, yule mama alipangusa mikono kwa leso.

“Kwa hivyo ni gunia ya Monari ndiyo ilikuharibu.”

“Ndiyo, mama.”

“Na hiyo masomo ingejua maji inakuja?”

“Hapana. Ingesema tu hatari ni kubwa namna gani. Na bei yake.”

“Monari alikuwa bei gani?”

Baba aligeuza uso upande wa ziwa. Mteja akaja akanunua ndizi, Nyamoita akamfungia kwa gazeti na kumtania kuhusu mtoto aliyembeba, sauti yake ile ile ya kila siku, na sisi watatu tumekaa kwenye kreti kama watu walioshikwa na askari. Mteja alipoondoka, alimgeukia tena Magige.

“Nenda usome hiyo yako. Mtu akipenda kitu kama hivyo, ukimnyima anakuwa mgonjwa. Lakini mimi sikuachilii.”

Baba alikohoa. Akamwambia Nyamoita kwamba uamuzi ni wake, na kwamba kama amekataa, kijana ataenda Uholanzi na hakuna atakayenung'unika.

“Sijakataa, Mzee. Nimesema aende,” alisema. “Lakini mimi nilichanga pampu. Hawa wengine wamemwachilia, sawa, ni yao. Mimi asifikirie tumemalizana.”

Alitupa mkungu wa ndizi wa kwenda nao nyumbani na hakutaka kusikia habari ya kulipwa. Mimi nilikasirika njia nzima. Niliona amemfunga ndugu yangu kamba mguuni kisha akamwambia akimbie. Kama hutaki, sema hutaki. Kama unataka, mwache mtu aende na moyo mweupe. Niliyasema hayo kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, mpaka baba akaniambia ninyamaze. Alikuwa amepakata ule mkungu mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili ianze alikuwa anaimba kwa chini wimbo wa kanisa.

Magige alimaliza uhandisi wake, akafaulu vizuri, na Septemba akaondoka. Tulibaki na barua zake na ile simu ya Posta ya Migori, ambapo tulipanga foleni Jumapili tukiwa tumevaa nguo nzuri kana kwamba angetuona. Barua zilikuwa ndefu. Aliandika kwamba baridi inaingia mpaka kwenye meno. Aliandika kwamba nusu ya wenzake darasani ni watoto wa watu wa mabenki, wanajua maneno yote ya soko lakini hesabu ikifika pale joto linapotembea kwenye chuma wanamtafuta yeye. Aliandika kwamba mtihani wa kwanza wa uchumi ulimtupa chini, akakaa na vitabu hadi somo lenyewe akalimudu. Mama alitaka kujua kanisa, na kanisa lilikuwapo. Nilizisoma kwa sauti, baba akisikiliza na jembe begani, na kila mwisho wa barua aliuliza swali lile lile, kwamba hajasema anarudi lini.

Kisha akamaliza, na ikaja barua kwamba amepata kazi katika benki moja huko London, ya kupima zile bei. Mama alimshukuru Mungu. Omwenga alitangaza kanisani kwa sauti ya mnada. Baba alisema ni vyema, akakunja barua, na tangu siku hiyo hakuuliza tena anarudi lini. Sijui kama kuna kitu kilichowahi kuniuma kama kunyamaza kwake kule. Jioni alikaa nje akitazama barabara, na ukimuuliza anatazama nini, anasema mvua.

Desemba ya tisini na tisa Magige akaandika kwamba amepewa likizo, atafika Ijumaa kabla ya Sabato. Mwaka elfu mbili ulikuwa mlangoni, redio imejaa watu wanaosema mitambo yote ya dunia itazimika, na nyumbani kwetu hakuna aliyejali. Mama alichinja kuku wawili, akapika kabla jua halijatua kama ilivyo desturi, tukaoga, tukakaa. Jua likatua. Magige hakuja. Jumamosi tulikwenda kanisani tukaimba tukiwa na vichwa vilivyogeukia mlangoni. Mama alikuwa amekwisha kumzika na kumfufua mara kadhaa moyoni.

Alitokea Jumapili adhuhuri, mwembamba, na koti zito mkononi ambalo hakuna mtu wa Migori angelihitaji. Mama alimkumbatia, akamlilia, halafu akamgombeza alikuwa wapi. Akasema alikuwa Homa Bay. Alifika huko Ijumaa, giza likamkuta, na kwa kuwa ni Sabato hakusafiri, Nyamoita akamlaza kwake. Mama aliumia, nilimwona. Mtoto anatoka ng'ambo, anaacha nyumbani kwao, anakwenda kwanza kwa mwanamke wa ndizi. Hata mimi nilikuwa na maneno mdomoni.

Alituelezea mezani, kuku wa Ijumaa wakiwa wamepashwa moto. Alikuwa amenunua pampu ndogo ya petroli Nairobi, akaipeleka Homa Bay ili Nyamoita aione kwanza, kisha asubuhi hiyo wakaituma Macalder na lori, kwa wachimbaji wa lile shimo la Monari. Nyamoita aliizunguka, akaipiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema ni nzuri.

Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, hajakaa, hajagusa chakula.

“Kwa hivyo amekuachilia,” alisema.

“Hapana,” Magige akasema. “Amesema hiyo ni pampu moja, na mashimo ni mengi.”

Baba akavuta kiti, akanawa mikono, akaanza kula.